*TAMKO LA TAWI LA KAMUNYONGE: MCHEKESHAJI AKINYAMAZISHWA, MUUZA DAGAA NAYE ATANYAMAZA*



Wengi wetu tunaikumbuka Ze Comedy, tangu ikiwa EATV hadi ilipohamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Mwenye runinga alijaza majirani sebuleni. Leo vichekesho vya usiku vimebaki vya mume na mke, mlevi na mgambo. Kiongozi haguswi.

*Hakuna sheria inayosema "usicheke".* Kuna makaratasi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kuweka mtandaoni video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Alipofikishwa Kisutu, shtaka halikuwa kucheka. Lilikuwa usajili wa laini ya simu. Kabla ya hapo, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai leseni ya zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Kijana wa Nyasho mwenye simu na kipaji angezitoa wapi?

Akishakamatwa mmoja, wa pili hahitaji kukamatwa. Mwenye kituo anajichuja mwenyewe, kwa sababu leseni yake iko mkononi mwa Serikali.

Hata Marekani yapo. Septemba 2025 ABC ilisimamisha kipindi cha usiku cha Jimmy Kimmel baada ya mkuu wa mamlaka ya mawasiliano kutoa vitisho hadharani. Watu walipiga kelele, na ndani ya wiki moja kipindi kikarudi. Hapa kwetu tunanyamaza. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, vikaragosi vyake vya XYZ Show vilivyowacheka wakubwa vilirushwa Kenya tangu 2009. Kipaji chetu, runinga ya jirani.

Wapo wanaosema kumwigiza kiongozi ni kukosa adabu. Je, utani tumeuazima wapi? Mtani huingia msibani, akamwiga marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayemshtaki. Steve Nyerere alipata jina kwa kuiga sauti ya Mwalimu. Butiama haijapungukiwa heshima kwa hilo.

*Msimamo wetu:*
1. Sheria za mtandao na za laini za simu zisitumike kuwakomoa wachekeshaji.
2. TBC, inayoendeshwa kwa kodi zetu, irudishe vichekesho vinavyowagusa viongozi.
3. Viongozi wa chama chetu waigizwe pia, kuanzia hapa tawini. Atakayenuna atafute kazi nyingine.

Mchekeshaji akiogopa kucheka picha, mama anayeuza dagaa Mwigobero ataogopa kuuliza ushuru wake umekwenda wapi. Hapo ndipo inapotuhusu.

Soma, jadili, mtumie mwenzako.

*Imetolewa na Uenezi, Tawi la Kamunyonge, Musoma Mjini*