Surua Haimkomazi Mtoto

Mwandishi aliyedai kwenye safu ya maoni kwamba surua ni ugonjwa wa kawaida wa utotoni, na kwamba mtoto akiugua ndipo anapokomaa, amewapotosha wazazi. Surua huua kwa nimonia na kuharisha. Hupofusha, hasa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Tena hufuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulikwisha kuijenga dhidi ya maradhi mengine. Huko ndiko kukomaa?

Anasema pia kwamba watoto wa jirani wakichanjwa, wake atasalimika. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kuvizuia kunahitaji takriban watu 95 kati ya 100 wawe na kinga. Kila mzazi akimtegea mwenzake, anaumia kichanga wa miezi 5 ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa. Kenya na Tanzania dozi ya kwanza ya chanjo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18.

Mzazi mwenye wasiwasi ana haki ya kumuuliza muuguzi kila swali. Aulize, lakini aulizie kliniki, kadi mkononi na mtoto mgongoni.