Zawadi ya Mkopo si Zawadi

Mwezi wa Desemba ukiingia, sisi tukaao migombani katika miteremko ya Kilimanjaro twajua yatakayokuja. Mabasi kutoka Dar es Salaam na Arusha yatajaa watu na mizigo, na ndugu zetu walioko mbali watarudi kula Krismasi pamoja na wazazi. Desturi hii ni njema, wala hatutaki iishe. Mtoto akumbukaye kwao ni baraka. Lakini ndani ya desturi njema umeingia ugonjwa, na leo twataka kuutaja kwa jina lake: twatoa zawadi kwa fedha zisizo zetu.

Tazameni mambo yaendavyo. Mtu aliye na kazi mjini aona haya kufika nyumbani bila doti za khanga kwa mama na shangazi, blanketi kwa baba, na nguo mpya kwa kila mtoto wa ukoo. Jirani yake mwaka jana alileta redio; basi yeye hana budi kuleta televisheni. Fedha zake hazitoshi, naye achukua mkopo kwa simu, au aenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Wala sisi tuliobaki kijijini hatuna sababu ya kumcheka. Twachukua vitu dukani na kuandikiwa deni, na fedha za mgawo wa VICOBA, tulizoziweka kidogo kidogo mwaka mzima, zatoweka kwa juma moja.

Kisha yaja Januari, na shule zafunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa ada ya kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha shuleni bado ni juu ya mzazi. Sisi walimu ndio tuonao mwisho wa sikukuu, maana huja na kuketi mbele yetu darasani.

Mwaka juzi mtoto mmoja wa darasa la nne alifika siku ya kwanza amevaa viatu vyenye taa visiginoni. Wenzake walimzunguka kuvitazama. Tulipowaambia watoe madaftari, yeye hakuwa na hata moja. Tukamwuliza, naye akajibu kwa sauti ndogo, “Baba amesema tungoje.” Baadaye tulisikia kwamba mbuzi wa maziwa wa nyumbani kwao alikuwa amekwisha chukuliwa kwa deni la sikukuu. Basi mtoto yule alipewa viatu, akanyang’anywa maziwa na daftari. Je, aliyempa zawadi ile alimpa, au alimpokonya?

Na tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Tuseme mtu amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, naye alipa baada ya miezi mitatu. Riba peke yake ni shilingi 60,000. Fedha hizo hazikumvika mama, wala hazikumlisha mtoto. Zilikuwa zawadi yake kwa mkopeshaji, mtu ambaye hata hakuwamo katika karamu. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Wengine watatujibu, “Krismasi ni mara moja tu kwa mwaka.” Ndiyo, na Januari pia ni mara moja kwa mwaka, tena hufuata mara. Wengine watasema, “Mkono mtupu haulambwi.” Lakini hatukusema mtu aje mikono mitupu. Twasema aje na kilicho chake. Wengine tena watataja Mamajusi, kwamba walimletea Mtoto dhahabu, uvumba na manemane. Vema, someni tena Mathayo sura ya 2. Walifungua hazina zao wenyewe. Hatusomi kwamba walipita kwanza kwa mkopeshaji.

Tena, mkiisha soma Mathayo, someni na Luka sura ya 2. Yusufu na Mariamu walipompeleka Mtoto hekaluni, walitoa ndege wawili. Torati, katika Walawi sura ya 12, ilitaka mwana-kondoo, ila asiyemweza aliruhusiwa kutoa ndege. Basi Mama wa Bwana alitoa sadaka ya maskini mbele ya watu wote, wala hapana palipoandikwa kwamba alikopa mwana-kondoo ili asichekwe. Ikiwa nyumba ile haikuona haya, sisi twaona haya ya nini?

Sisi walimu nasi hatujioni safi. Mara nyingi mshahara wa Desemba hulipwa kabla ya sikukuu, nao hutakiwa kutufikisha mwisho wa Januari. Na wengi wetu, ilipofika siku ya kumi ya mwezi, tumekwenda kugonga mlango wa jirani. Twaandika kama watu walioungua, si kama watu wasioujua moto.

Je, tufanye nini? Kwanza, mume na mke wakubaliane kiasi cha fedha za zawadi kabla Desemba haijaanza, nao wakiandike. Kabla ya kiasi hicho, watenge fedha za shule, wala wasiziguse. Pili, ukoo wenye watu wengi upige kura, kila mtu mzima apate jina la mmoja wa kumpa zawadi. Hivyo kila mmoja atapewa, wala hakuna atakayebeba ukoo mzima mgongoni. Tatu, sare na viatu vya shule viwe ndiyo zawadi ya mtoto. Afungashiwe vizuri, apewe kwa furaha asubuhi ya sikukuu, naye ataviona kuwa zawadi kama vingine. Nne, tusidharau vitu vya nyumbani: jogoo, mkungu wa ndizi, mche wa parachichi utakaozaa miaka mingi. Tano, auzaye kahawa aweke fungu la sikukuu tangu mavuno yanapoanza, asingoje juma la mwisho.

Nanyi wazazi wazee, twawaomba jambo moja. Mtoto wenu akifika na kilo mbili za sukari tu, msimwulize mwenzake alileta nini. Neno hilo moja ndilo limpelekalo kwa mkopeshaji mwaka ujao. Tumewaona vijana walioacha kuja nyumbani miaka mitatu kwa sababu hawakuwa na cha kuleta. Je, mama yupi angechagua blanketi kuliko uso wa mwanawe?

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Krismasi hii inayokuja, kila mmoja na atoe kilicho chake, ale kwa amani, na Januari amlete mtoto wake shuleni akiwa na daftari mkononi. Sisi tutakuwapo mlangoni kumpokea.