Neno la herufi 45 na vumbi letu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu wenye kufua zile nguo za kazi, Waingereza wako na neno moja la herufi 45: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Watu wanalisoma kwa kucheza, waone nani atafika mwisho bila kukata pumzi. Lakini neno hilo linasema juu yetu, watu wa mugodi.

Tulipasue. Pneumon kwa Kigiriki ni pafu. Ultra ni Kilatini: kupita. Mikros na skopein ni Kigiriki tena, kidogo na kutazama. Yaani kitu kidogo sana, hata mikroskopu haikione. Silex ya Kilatini njo lile jiwe gumu la kutoa moto. Volcano inatoka kwa Vulcanus, mungu wa moto wa Waroma (huyu naona aliingizwa kwa kurefusha tu, juu wagonjwa wetu wengi hawajaona volkano hata siku moja). Mwisho konis, Kigiriki: vumbi. Basi ni vumbi la jiwe mu mapafu. Waganga wanafupisha: silikosisi.

Neno lile refu lilitungwa Marekani mwaka 1935 na Everett Smith, mukubwa wa chama cha wapenda mafumbo. Mu Marekani hiyohiyo, mwaka 1930 na 1931, watu walitoboa mulima pale Hawks Nest, West Virginia. Jiwe lilijaa silisi, na walitoboa pakavu, bila maji. Mamia walikufa, wengi wao weusi. Mwaka 1936 njo wabunge wa Marekani walikaa kusikiliza mambo hayo.

Mimi sigombani na Kigiriki. Nagombana na karatasi. Munganga akiandika «kikohozi», mutu anapewa siro na anarudi chini. Akiandika silikosisi, huo ni ugonjwa wa kazi, na CNSS inaweza kuulizwa. Tena ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na unafungulia kifua kikuu mulango. Kwa hiyo tudai maji wakati wa kutoboa, hewa mu galeri, na maski ya kweli, hapana kitambaa cha kufunga mu pua.

Na wewe mwenye kukohoa tangu miezi, omba radio ya kifua. Muulize munganga ameandika jina gani, akuelezee kwa Kiswahili, na usitoke bila kopi.