BAHARI NI MALI, LAKINI NI MALI YA NANI?



Siku hizi kila penye mkutano wa wakubwa twasikia habari za utajiri wa bahari. Novemba 2018 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Nairobi kwa shauri hilo hilo. Sisi hatupingi. Nchi yataka kazi, nasi tulio bandarini twala kwa meli. Lakini twauliza: katika mali hiyo, fungu la mvuvi ni lipi?

Tutazame Lamu. Ili bandari mpya ijengwe, bahari ilichimbwa na mikoko ikakatwa. Mahali wavuvi walipotega madema tangu zamani za babu zao pakaharibika. Mwenye mashua ndogo ya tanga hawezi kuambiwa avue bahari kuu. Huko ni kumpeleka akafe maji.

Wavuvi hawakukaa kulia. Walishikana, wakaenda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikata kwamba haki zao zimevunjwa. Iliamuru watu wapata 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fedha hizo zaonekana nyingi, lakini zigawe sawasawa: kila mtu apata kama shilingi 380,000, mara moja tu, kwa kazi iliyomlisha yeye na wanawe siku zote. Hata hivyo, gati la kwanza lilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, wavuvi walikuwa wangali wakingoja. Meli ilitangulia, haki ikafuata nyuma.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, wenyeji waulizwe kabla ya kuchimba, si baada. Pili, fidia ilipwe kabla ya gati kufunguliwa. Tatu, vijana wa pale wafundishwe kazi za bandari na waandikwe kwa mapatano ya haki, wasiwe vibarua wa kutwa. Na mvuvi apate barafu na ghala la baridi, asilazimike kumwuzia dalali kwa bei ya hofu kwa kuwa samaki anaoza.

Mwanachama asiseme, "Hayo ni ya wavuvi." Leo wao wameondolewa na mashine ya kuchimba, kesho sisi twaweza kuondolewa na mashine ya kupakua. Gati letu lisisimame juu ya njaa ya ndugu zetu.

Umoja ni nguvu.