Kabla petroli ya miwa haijafika mwaloni

Leo nawaandikia ninyi mnaovuka maji kutafuta riziki: wachuuzi wa Majanji na Port Victoria, pamoja na ndugu zetu waliovuka Ziwa Albert kurudi kwao Ituri, ambao wengine wanaanza maisha upya kwa boti moja na mashine ya kukodi.

Mwaka mmoja nilipanda boti iliyobeba mahindi kwenda kisiwa cha Sigulu. Katikati ya maji mashine ikakohoa, ikazima. Tulipigwa na mawimbi karibu saa tatu hadi wavuvi walipotuvuta. Fundi alipofungua kabureta alikuta maji. Mvua ya usiku ilikuwa imeingia kwenye jerikeni ambalo hatukulifunga vizuri. Siku ile petroli ilikuwa ya kawaida na kosa lilikuwa letu. Petroli inayokuja haitasamehe kosa kama hilo.

Sheria ya nishati-mimea ya Uganda ya mwaka 2020 inaruhusu petroli kuchanganywa na ethanoli hadi asilimia 20. Ethanoli ni spiriti inayopatikana kwa kuchachusha molasi ya miwa. Mimi sipingi jambo hilo. Mkulima wa miwa anahitaji soko, na Malawi imekuwa ikichanganya tangu mwaka 1982. Ninachosema ni kwamba boti si gari.

Ethanoli hupenda maji. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli huweza kuficha karibu nusu lita ya maji katika kila lita 100, na jicho lisione kitu. Maji yakizidi hapo, au usiku ukipoa, maji na ethanoli huachana na petroli na kuzama chini ya tangi, palepale mrija wa mashine unapofyonza. Kwa mashine za kuchanganya oili hatari ni kubwa zaidi: oili hubaki juu na petroli, pistoni husugua kavu, na mashine hukwama. Mafuta yakishaachana hivyo, hakuna dawa ya dukani itakayoyarudisha.

Tena ethanoli huharibu mipira ya zamani na kung'oa uchafu wa tangini, ambao huziba filta. Katikati ya miaka ya 2000, wenye boti wa New York na Connecticut, Marekani, waliona matangi yao ya zamani ya fiberglasi yakilainika kwa ndani, na utomvu mweusi ukagandisha vali za injini. Nchi hiyo iliporuhusu asilimia 15 kwa magari ya karibuni, mwaka 2010 na 2011, ilikataza mafuta hayo kwenye boti. Yamaha na Mercury nao huweka kikomo cha asilimia 10 kwa mashine zao.

Basi hesabu ni rahisi: sheria inafika 20, mashine inaishia 10. Anayebeba pengo hilo ni abiria aliye katikati ya ziwa.

Kwa hiyo naiomba serikali mambo mawili. Kwanza, kila pampu iandikwe kiasi cha ethanoli, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Pili, mafuta yanayouzwa mialoni yasivuke asilimia 10.

Nanyi wenye boti msingoje serikali. Nunueni mafuta ya safari hiyo tu, msiyalaze kwa wiki. Fungeni majerikeni vizuri, badilisheni mipira iliyochoka, na wekeni filta ya kutenga maji. Kama mna shaka, chukueni chupa inayoonyesha ndani, mbali na moto. Tieni maji kidogo, wekeni alama, jazeni petroli, tikiseni na kuacha itulie. Maji yakipanda juu ya alama, humo mna ethanoli.

Gari likizima, dereva hushuka akasukuma. Ziwani hakuna pa kushukia.