Mwanao ameanza chuo na amenenepa: kuna nini?

Kila mwaka, Oktoba na Novemba, vyuo vya Mbeya na Iringa hupokea wanafunzi wapya. Ikifika likizo ya kwanza, sisi wauguzi tunaotembelea kaya tunaanza kusikia maswali. Binti amerudi, sketi hazifungi. Mama ananivuta pembeni kuuliza kama ni mimba. Mara nyingi si mimba. Kwingine hakuna anayeuliza, watu wanafurahi tu na majirani wanasema chuo kimempenda.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Huko Marekani watu husema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huongezeka ratili 15, karibu kilo 7. Tafiti zilipowekwa pamoja zilionyesha wastani ni kilo moja na nusu hivi, na kwa wale walioongezeka, kilo tatu na kitu. Kwa hiyo mama, kilo mbili si msiba. Ila kilo mbili kila mwaka kwa miaka mitatu ni kilo sita, na mazoea ya kula aliyoyapata chuoni atatoka nayo.

Kwa nini hutokea? Watu wengi husema ni uvivu na ulafi. Mimi naanzia kwenye fedha. Mwanafunzi anayepata mkopo kamili wa Bodi ya Mikopo hupewa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, kiwango kilichopanda kutoka 8,500 mwaka 2022. Lakini hazitoki kila siku. Hutoka kwa awamu, kwa kawaida za siku 60 hivi, ndilo bumu lenyewe. Kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kupanga matumizi ya nyumba anashika laki kadhaa kwa mpigo. Wiki za kwanza ni chipsi mayai, kuku na soda. Wiki za mwisho anapiga pasi ndefu, yaani anashinda njaa, kisha usiku anakula sahani moja kubwa ya ugali au wali na kulala. Likija bumu jingine, anafidia. Kushinda njaa hivyo hakumpunguzi mtu uzito kama wengi wanavyodhani. Humfanya ale kwa pupa, tena chakula cha bei nafuu kinachojaza tumbo haraka, yaani wanga na mafuta.

Anayetegemea fedha za nyumbani naye huwa hivyo hivyo, kwa sababu wazazi wengi hutuma pale mazao yanapouzwa.

Pili, ameacha kazi. Nyumbani alichota maji, alilima, alitembea kwenda shule asubuhi na jioni. Chuoni anakaa darasani, anakaa maktaba, anakaa kitandani na simu, na bodaboda iko getini. Chakula kinaweza kuwa kile kile na bado akanenepa. Kulala saa nne au tano kwa sababu ya mitihani nako huongeza hamu ya kula. Na baadhi ya wasichana wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongezeka uzito. Hilo si la kumgombezea. Akiona hivyo aende kliniki aelezwe njia nyingine.

Huku kwetu kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni 30. Mwaka 2010, wengi wa wanaoingia chuo sasa walipokuwa wadogo, wastani wa taifa ulikuwa asilimia 42. Mwili uliokosa lishe utotoni hujifunza kubana na kutunza akiba. Ukija kupata mafuta na sukari nyingi ukubwani, huwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo mtoto aliyekua kwa shida ndiye asiyepaswa kuambiwa anenepe kwanza.

Sasa wewe unaweza nini ukiwa mbali? Kifurushi unachomtumia kwa basi kina nguvu kuliko simu ya kumfokea. Maharage, karanga, dagaa, parachichi za Rungwe au Njombe zikiwa bado ngumu, na unga wa dona badala ya sembe, ila mahindi yawe yamekauka vizuri yasiwe na kuvu. Kama hosteli hairuhusu kupika, karanga na parachichi hazihitaji jiko. Fedha mtumie kidogo kidogo kila wiki kama unaweza. Akipata bumu, akae siku hiyo hiyo na karatasi: kodi kando, nauli kando, kilichobaki kigawanywe kwa wiki.

Kuhusu soda, mwambie hesabu tu. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko vidogo tisa. Shirika la Afya Duniani linasema ni vema mtu mzima asizidi kama vijiko sita kwa siku nzima. Chai ya maziwa ya asubuhi nayo imo humo. Mazoezi hayahitaji ukumbi: dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki zinatosha kuanzia, na anayesoma Iringa mjini ana vilima vya bure.

Usimwite bonge mbele za watu, hata kwa utani. Wasichana wanaochekwa nyumbani ndio wanaoangukia vidonge na chai za kupunguza uzito zinazouzwa mitandaoni. Nyingi ni dawa za kuharisha, na nyingine hazisemi zimewekwa nini. Anachopoteza hapo ni maji na chumvi za mwili, na mafuta yanabaki palepale.

Kujua kama kweli amezidi, tumia mizani na futi, siyo macho ya jirani. Kwa mtu wa sentimita 160, uzito wa afya ni kati ya kilo 48 na 63 hivi. Kuanzia 64 umezidi; kuanzia 77 ni unene wa kumwona mtaalamu. Akiwa likizo mpeleke zahanati apimwe na shinikizo la damu pia. Akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa mara nyingi usiku, au anapungua ghafla bila sababu, asisubiri likizo, aende kituo cha afya kilicho karibu na chuo akapimwe sukari siku hiyo hiyo.