"Sawa" Gani Hiyo?

Eti kuuliza mara mbili ni ushamba! Nakataa katakata. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Tenerife, Hispania, ulijaa ukungu. Ndege ya KLM ilisema inaruka. Mwongozaji akajibu "okei", ndiyo hiyo hiyo "sawa" yenu, kisha akaiambia isubiri. La kusubiri likamezwa na mluzi wa redio, maana Pan Am nao walikuwa wanaongea. Mhandisi wa KLM akauliza: hivi hao Pan Am wameshatoka njiani? Nahodha akamjibu kwa mkazo, ndiyo. Watu 583 wakafa.

Siku hizi rubani hurudia ruhusa aliyopewa, haitikii tu. Nanyi mnaosema "poa" kabla fundi hajamaliza kueleza, mmesikia nini hasa?